Skrubu ya Nne

Skrubu ilikuwa ya moto. Yordani aliigusa saa mbili asubuhi, karakana ndiyo kwanza imefunguliwa na maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka kwenye bati, akauondoa mkono haraka kama mtu aliyeshika sufuria jikoni. Akakagua soketi. Hakuna kilichochomekwa. Akajicheka na kulaumu uzee, ingawa alikuwa na miaka arobaini na miwili tu.

Karakana yake ipo Kilole, mjini Korogwe. Anatengeneza cherehani, mizani na pampu za kupulizia dawa, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA KINACHOSHINDIKANA. Maneno makubwa hayo, lakini mwenyewe aliyaamini kabisa.

Skrubu hiyo ilikuwa ya darubini ya bunduki. Jana yake, Jumatatu, Leboo, mlinzi wa kitalu cha uwindaji huko porini Handeni, alimletea darubini hiyo ikiwa imeng'ang'ania kitako chake cha chuma. Bunduki yenyewe ilibaki ghalani. Pete za darubini zilifungwa kwa skrubu nne; tatu zilitoka bila ubishi, ya nne ilikuwa imeliwa kichwa, laini, haina hata ufa wa kuingizia bisibisi.

"Nani huyu fundi uchwara aliyeharibu hivi?" Yordani aliuliza.

"Sijui, rafiki. Bosi alinunua kwa familia ya mwindaji mmoja, marehemu. Tumeikuta hivyo hivyo. Sasa anataka itoke, afunge mpya."

"Njoo Ijumaa."

Fundi uchwara! Laiti angejua anamtukana nani.

Usiku ule alikuwa ameiloweka kwa mafuta ya kulainisha kutu. Jumanne hiyo akaweka kipande cha mpira wa tyubu juu ya skrubu, akakandamiza bisibisi, ikateleza. Basi akaibana darubini kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma ili akichane kichwa na kukipa ufa mpya. Meno ya msumeno yalipogusa tu, karakana ikajaa harufu ya ngozi mbichi na baruti. Ndani ya darubini kitu kikagonga kioo mara tatu, taratibu, kama kwa ukucha.

Labda lenzi imelegea, aliwaza. Akaitoa kwenye jiliwa, akaielekeza nje, akaweka jicho. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha uji cha mkewe Edna, aliona jogoo akichakura, karibu mno, msalaba wa shabaha umemkaa shingoni. Jogoo aliinua kichwa akamtazama Yordani moja kwa moja. Kisha akaanguka.

"Jamani, jogoo wangu!" Edna alipiga kelele. "Baba Joyceline, njoo uone!"

"Kideri hicho," Yordani alijibu, akiiweka darubini chini haraka, maana kabla hajaondoa jicho aliona ndani ya kioo kope zikifumba na kufumbua, na hazikuwa zake.

Jumatano Edna alivuka barabara na upawa mkononi, akanong'ona kama aliyeingia chumba cha mgonjwa. "Kirudishe hicho kitu. Tangu jana sina raha hata ya kukoroga uji."

"Nirudishe kazi? Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Kwani wewe nani?"

Swali zuri, na angelijibu vizuri mambo yangeishia pale. Lakini kiburi cha fundi hakina dawa. Alingoja mkewe aondoke, akaibana tena darubini kwenye jiliwa ikitazama ukutani, akamalizia kuchana ufa kwa msumeno, akapasha skrubu kwa kisu cha moto cha kuchomelea bati, akaingiza bisibisi bapa kwenye ufa, akazungusha.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, saa ambayo wazee huwakataza watoto kupita vichakani. Skrubu ilitoa mlio kama kilio cha mbuzi, ikaachia. Yordani akaondoa bisibisi, nayo skrubu ikaendelea kuzunguka yenyewe, polepole, ikipanda nje uzi kwa uzi, imesokotewa nyuzi nyeusi na nta, mpaka ikaanguka mezani na kubingirika hadi kwenye kidole chake, na pale chini ya kichwa chake akaona mikwaruzo mitatu ya tupa, miwili mirefu na mmoja mfupi, alama ya Mzee Hiza, mtu aliyemfundisha kazi hii tangu kushika nyundo, aliyerudi kwao Bungu baada ya jicho lake la kulia kufa. Skrubu haikuliwa. Ilisuguliwa kichwa kwa tupa, makusudi, na fundi aliyejua anachokifanya, ili isifunguliwe na mtu yeyote.

Mlangoni alisimama Joyceline, binti yake wa miaka tisa, ametoka shule, ameshika sahani ya ugali wa baba. Na darubini, ambayo Yordani aliibana kwa mkono wake ikitazama ukutani, sasa ilikuwa inatazama mlango.

Sahani ilianguka.

"Baba," mtoto alisema kwa sauti ndogo, midomo imekuwa ya kijivu, "kuna mtu ananiangalia kutoka mbali."

Yordani alitaka kumkimbilia, lakini shingo yake ikaanza kuinama, si kwa kutaka kwake, ikashuka kuelekea kioo cha nyuma cha darubini, taratibu, akiwa ameshika meza kwa mikono miwili na kujisukuma nyuma, akilia, harufu ya ngozi mbichi ikimziba pumzi, huku akijua, kama alivyoona kwa jogoo, kwamba kile kitu kinahitaji jicho la mtu nyuma ya kioo ili kimalize kazi yake, na kwamba jicho kililolichagua ni la baba mtu.

Kiganja kikavu kikafunika kioo.

"Fumba macho, Yordani."

Alikuwa Mzee Hiza, na vumbi la barabara miguuni.

"Shikamoo... mzee, umejuaje?"

"Nimekuona. Tangu jana nakuona, unakuja na msumeno." Aligusa jicho lake lililokufa. "Hili nililitoa. Lipo mle ndani na huyo niliyemfungia. Mwindaji yule alimlenga asiyelengwa, porini, saa kama hii. Huyo aliyelengwa naye akajifunza kulenga. Skrubu peke yake haimshiki. Akipewa jicho ndipo anakubali kukaa."

"Tukivunja kioo?"

"Ukikivunja, umemfungulia mlango. Na mimi jicho lililobaki lina mtoto wa jicho, yeye halitaki. Sikiliza. Usiangalie kwa nyuma. Angalia kwa mbele, kule risasi inakoelekea. Akulenge wewe, amwache mtoto."

Kwa fundi jicho la kulia ni mkate. Yordani aliyajua hayo vizuri, akamtazama binti yake mara moja kwa macho yote mawili. Akazunguka meza.

Kwa mbele ya darubini kila kitu huwa kidogo na cha mbali. Aliona majani makavu, jua jeupe, na kule mwisho kabisa mtu mdogo amelala kifudifudi, amekaza shavu, anamlenga. Mtu yule akatabasamu. Moto ukaingia jichoni, Yordani akapiga yowe lililowatoa watu wa mtaa mzima, na katikati ya yowe lile akasikia Mzee Hiza akikaza skrubu.

Yordani alichukua tupa mwenyewe, damu ikimchuruzika shavuni, akasawazisha kichwa mpaka kikawa laini. Joyceline aliomba maji.

Ijumaa Leboo alikuja, akasikiliza habari yote bila kukatiza, akaifunga darubini kwenye shuka lake.

"Isifunguliwe," Yordani alisema. "Mwambie bosi wako. Izikeni."

"Mimi nakuamini, rafiki. Bosi ndiye sijui."

Wakaachana hivyo. Yordani akafuta maandishi ya juu ya mlango kwa rangi nyeusi.

Wiki ya tatu, saa saba mchana, jicho lake lililokufa liliona mwanga. Ulikuwa wa duara, mdogo. Ukasogea uso wa kijana asiyemjua, ana kijiti cha meno mdomoni, anageuza kitu mkononi na kutikisa kichwa kwa dharau. Nyuma yake kulikuwa na meza ya kazi na ukuta mtupu, bila maandishi ya kuonyesha ni mji gani. Midomo yake ikatamka kitu. Sauti haikufika, lakini Yordani aliyasoma maneno yote, kwa kuwa yalikuwa yake: "Nani huyu fundi uchwara?"

Alimpigia Leboo. Hapatikani. Akapiga tena na tena, huku kwa jicho lile akimwona kijana akinyoosha mkono kuchukua msumeno.

Alipotoka nje mbio, Joyceline alikuwa ameacha kuruka kamba. Alisimama katikati ya uwanja na uso umegeukia upande wa Handeni, midomo ya kijivu.