Beringi Isiyotaka Kutapika

Harufu ya kuungua ilitangulia. Shangazi alikuwa ameshika kikombe cha chai mkono mmoja, mkono wa pili umeng'ang'ania meza, kwa sababu meli ilikuwa ikirushwa na mawimbi tangu usiku. Akanusa mara moja tu. Kikombe kikaenda kwenye sinki na chai yake ndani, naye akashuka ngazi ya chumba cha injini vidato viwili viwili, na miaka yake hamsini na minane.

Aliyekuwa huko chini alikuwa msaidizi wake, mwanamume wa miaka arobaini na moja ambaye meli nzima ilimwita Shemeji. Dada yake ameolewa na nahodha, basi hata mpishi, asiyekuwa na udugu naye hata wa mbali, alimwita hivyo hivyo. Shangazi naye hakuwa shangazi wa mtu yeyote melini. Alikuwa fundi mkuu, na jina alilipata kwa jinsi alivyokuwa anamgombeza mtu huku anamsogezea sahani.

"Ni beringi ya kati," Shemeji alisema. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kidevuni.

Beringi hiyo ndiyo iliyoibeba shafti ndefu inayotoka kwenye injini kwenda kuzungusha propela. Kipimajoto chake kilikufa siku nyingi, kwa hiyo walikuwa wakiipima kwa kiganja: unaweka mkono juu ya kifuniko cha chuma, unahesabu. Ukifika kumi, nenda kanywe chai yako. Ukishindwa kabla ya tano, mwite nahodha.

Shangazi aliweka mkono. "Moja," akasema, akautoa na kuupuliza.

Alinyanyua simu ya ukutani. "Nahodha, zima injini."

"Shangazi, huoni hali ya hewa?"

"Naiona kwa tumbo. Zima, la sivyo shafti itakatika na hutakuwa na cha kuzima."

Injini ikanyamaza. Hapo ndipo walipoisikia bahari sawasawa, inavyopiga ubavu wa meli na kuutikisa mzigo wa saruji na mabati juu ya vichwa vyao. Watu sita walikuwa ndani ya chombo hicho, na sasa hakuna aliyekuwa anakiongoza.

Simu ikalia tena. "Upepo unatusukuma kwenye miamba," nahodha alisema. "Maili tatu. Nanga haifiki chini, kina ni kirefu mno. Nina saa moja na nusu, labda pungufu."

"Tupe saa moja," Shangazi akajibu, akakata.

Akamgeukia Shemeji. "Ulipaka grisi leo?"

"Nilipaka. Saa tatu."

"Pampu ngapi?"

"Nilisubiri itapike."

Kabla ya kuja baharini, wiki tatu tu zilizopita, Shemeji alikuwa amepaka grisi mashine za kiwanda cha unga kwa miaka kumi na miwili. Kule vumbi la unga linaingia kila mahali, kwa hiyo unasukuma grisi mpya mpaka ile ya zamani itoke pembeni na uchafu wake wote. Huko wanaita kutapika. Beringi iliyotapika imeshiba, unakwenda kwa nyingine. Lakini hii ya meli ilikuwa na kizibo kimoja tu cha kutolea, huko chini, na waliopaka meli rangi mara ya mwisho walikipitia na brashi mara mbili. Haikuwa na mdomo. Shemeji alisukuma kumi, ishirini, thelathini, mkono wa bomba ukawa mzito, na yeye akaona labda ina njaa.

Shangazi hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha Shemeji kuliko bahari.

"Mimi pia niliipaka," akasema. "Alfajiri. Pampu tatu, kama inavyotakiwa. Wewe ulikuwa umekumbatia ndoo, unatapika kama hiyo beringi yako. Nikasema nikusitiri, nahodha asijue kwamba shemeji yake hajaingia kazini. Halafu nikanyamaza, usione haya."

"Nami nilipopata nafuu niliona haya," Shemeji alisema. "Ndiyo maana niliipa nyingi. Kufidia."

Huo ulikuwa ujinga wa watu wawili wanaoheshimiana, na ungeweza kuua watu sita. Grisi ikizidi inakosa pa kwenda. Inakorogwa, inapata moto, inayeyuka, inaungua, na chuma kinabaki kinasagana na chuma.

"Haya, lete spana," Shangazi alisema. "Kulia tutalia bandarini."

Kwanza waliifunga shafti kwa mnyororo, kwa maana mawimbi yalikuwa yanaizungusha propela yenyewe na mtu angeachia vidole humo. Kisha nati nne. Tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa imegoma, na Shemeji aliining'inia spana kwa uzito wake wote, meli ikalala upande, akatupwa, akarudi, akaining'inia tena mpaka ikalia na kulegea. Kifuniko kilipoinuka, meli ikalala tena. Kipande kile cha chuma, bado cha moto, kikaanza kuteleza kuelekea miguu ya Shangazi. Shemeji alikidaka kwa kiganja kitupu cha kulia.

Alikiweka sakafuni taratibu, ndipo akaukunja mkono kifuani.

"Maji ya kunywa," Shangazi aliita kwenye simu. "Yote yaliyopo jikoni."

Mpishi akashusha dumu la lita kumi. "Ndiyo ya mwisho haya."

"Mwagia hapo. Kiu itasubiri."

Walimwagia nusu ya dumu, wakaufunga mkono kwa kitambaa safi. Baada ya hapo Shemeji alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Grisi ndani ya beringi ilikuwa nyeusi, nyepesi kama uji ulioungua. Waliichota kwa vijiko, wakaosha kwa dizeli, wakapangusa. Shangazi aliwasha tochi na kuzitazama rola, vile vipande vya chuma vinavyobiringika ndani yake, moja moja. Rola iliyopata moto kupita kiasi hugeuka buluu, na ikigeuka imekufa.

"Manjano," alisema. "Manjano. Hii manjano. Manjano." Alikaa chini ghafla. "Zimenusurika, Shemeji."

Simu: "Nayaona mawimbi yanavunjika kwenye miamba. Dakika thelathini."

Shemeji alifuata kopo la grisi, akakuta limepinduka kwenye maji machafu ya sakafuni. Iliyobaki safi ilikuwa ya katikati tu, bonge la kujaa kiganja. Akaja nalo mkononi, uso umemsawajika.

"Ndiyo hii peke yake, Shangazi. Haitoshi."

Shangazi aliangalia bonge, akaangalia nafasi ndani ya beringi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Theluthi," alisema. "Inataka kujaa theluthi tu. Hiyo inatosha na chenji utarudishiwa."

Alimwachia apake yeye. Shemeji aliisukuma grisi katikati ya rola kwa kidole gumba, akizungusha pole pole, na ilipofika theluthi bado kulikuwa na kidogo kwenye vidole. Mkono ulitaka kuongeza. Miaka kumi na miwili yote ilitaka kuongeza. Alijipangusa kwenye suruali.

Shangazi alikuwa amelala chali chini ya shafti, anakwangua rangi kwa bisibisi mpaka kizibo kikafunguka. Wakafunga kifuniko, wakakaza nati, wakatoa mnyororo.

"Washa," alisema kwenye simu. "Taratibu, kama unambeba mgonjwa."

Shafti ikazunguka. Shemeji aliweka kiganja cha kushoto juu ya kifuniko. Alihesabu kwa sauti ili nahodha asikie kwenye simu iliyoachwa wazi. Tano. Saba. Meli iligeuka polepole, ikaacha kulala ubavu na kuanza kuyapanda mawimbi kwa kichwa. Kumi. Aliendelea. Alipofika arobaini, Shangazi alimwambia sasa anajionyesha.

Waliingia bandarini kesho yake mchana, na kiu kali, watu sita kamili. Dada yake Shemeji alikuwa gatini. Alimshika mkono uliofungwa kitambaa, akaugeuza, akauliza nani alimfanya hivyo. "Kuona haya," Shemeji alisema, "lakini kumeisha." Nahodha aliambiwa yote, la ndoo pia.

Safari iliyofuata, bahari ikiwa shwari, Shemeji alishuka saa tatu na bomba la grisi. Shangazi alikuwa ameinamia injini, hakugeuka.

"Umepaka?" akauliza.

"Sijapaka. Wewe je?"

"Mimi pia sijapaka."

"Basi napaka. Tatu."

Akasukuma moja, mbili, tatu, wote wawili wakihesabu kwa sauti.