Mfuko Uliokataa Kumwaga Unga

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote ya kazi. Fundi cherehani wa kiwanda cha unga alifika, akafungua chumba chake, akatia uzi sindanoni. Kazi yake ilikuwa kushona mifuko mirefu ya kitambaa, ile inayoning'inizwa kwenye chumba cha vumbi kunasa unga unaopeperuka kutoka mashineni. Mumewe ndiye aliyekuwa msafishaji wa chumba hicho, mpaka alipokutwa amekaa chini ya mifuko, mweupe tangu utosini hadi vidoleni, hana hata mchubuko. Daktari alisema ni moyo. Watu wakazika, wakalia, yeye akabaki mkavu. Mama mkwe akanong'ona kwamba mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Jiwe wapi! Ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu ulioukalia vibaya, ila yeye ilimshika mwili mzima.

Kazi ya marehemu akapewa mdogo wake huyo fundi, kitinda mimba wa kwao, mtu wa utani tangu alfajiri. Dada ndiye aliyemlea. Hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Sasa, unga ukipita kwenye kitambaa unakisugua, na huko kusuguana kunazaa umeme, ule ule unaolia ta-ta-ta ukivua sweta. Mle ndani hauna mzaha. Unaufanya unga ung'ang'anie kitambaa, na cheche moja ikikutana na vumbi lililojaa hewani, paa linaruka. Ndiyo maana kila mfuko ulishonewa waya mwembamba wa shaba, ncha yake iguse chuma, umeme ushuke ardhini. Lakini hizo ncha zilichoma vidole. Mdogo mtu akawa anazikunja ndani ya pindo, mfuko baada ya mfuko, na hakumwambia mtu.

Kabla ya chakula cha mchana mashine zilizimwa ili mifuko ikung'utwe. Mdogo mtu akaja mlangoni, utani umemwishia.

"Dada, njoo uone. Kuna mmoja hautaki kumwaga."

"Umeupiga?"

"Mpaka mkono umechoka. Kama umebandikwa gundi."

Akaenda naye, akasimama kizingitini. Vumbi lilikuwa bado linaelea. Vinyweleo vya mikono vikamsimama, na ncha ya kitambaa chake cha kichwa ikaanza kuvutwa kuelekea ndani, taratibu, bila upepo wowote. Mifuko yote ilikuwa imenywea. Mmoja tu, wa mwisho kabisa, ulikuwa umevimba. Unga ulikuwa umejikusanya juu yake ukapata mabega. Bega la kushoto limeinama kidogo, la mtu aliyebeba magunia miaka mingi. Alilijua bega lile. Alikuwa akililalia.

Alisubiri moyo umshtuke. Haukushtuka.

"Naukwangua," mdogo wake akanong'ona, keshaokota kipande cha bati.

"Weka chini. Hicho kitatoa cheche."

"Mara moja tu, dada."

Akainua mkono. Mkono ukaishia hewani.



"Dada," akasema polepole, bila kugeuka. "Niachie mkono."

Dada alikuwa bado kizingitini.

"Sijakushika," akamjibu.

Bati likamponyoka mdogo mtu, likatua kwenye unga bila sauti. Dada akaingia, akamkamata kiunoni, akamvuta mpaka nje. Wakasubiri vumbi lote litue. Kisha akarudi peke yake, akapapasa pindo la mfuko, akaukuta waya umekunjwa. Akaukunjua, akaugusisha kwenye chuma. Unga ukaporomoka wote kwa mpigo, mabega na kila kitu.

Mdogo wake alikuwa amekaa nje. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama nyeupe za vidole.

"Ni shemeji," alisema. "Shemeji amenizuia nisife."

Akanawa, alama zikatoka. Dada alizitazama zikiondoka na maji, na kitu kikamchoma kifuani. Ulikuwa wivu. Mbona mumewe hakumshika yeye?

Jioni alikaa jikoni kwake, kwenye kiti cha plastiki, akichekecha unga. Unga ukainuka kwenye beseni. Ukamtambaa mkononi, ukatulia: vidole vinne juu, gumba kwa ndani, vile mumewe alivyozoea kumshika wakivuka barabara. Sufuria ilikuwa inachemka mbele yake. Hakuigusa. Alijua akigusa chuma tu, mumewe ataondoka. Akainua miguu kutoka sakafuni.

Asubuhi mdogo wake alimkuta hivyo hivyo, sufuria imeungua nyeusi.

"Usiniguse," dada akamwambia.

Alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Machozi yalikuwa yakimdondokea mkononi, juu ya ule unga, na unga haukulowa.