Kifuniko Mbele ya Hoteli ya Sabdio

Maiti ya Salesio, fundi wa kampuni ya maji, ilitolewa shimoni asubuhi, na kabla jua halijakolea ofisi tatu zilikuwa zimeapa kwamba shimo si lao.

Lilikuwa shimo la majitaka, katikati ya kichochoro nyuma ya soko la Isiolo, mbele ya hoteli ndogo ya chai. Majitaka yalikuwa yamefurika tena. Vijana wa bodaboda walichoka kungoja, wakang'oa kifuniko cha chuma kwa mtaimbo. Chini wakakuta mtu ameketi, kichwa kimeegemea ukuta, buti za mpira miguuni.

"Kifuniko kilikuwa kimefungwa?" Inspekta Gacheri aliuliza.

"Kabisa, madam," alijibu Konstebo Jarso. "Na mtu hawezi kujifungia kutoka ndani. Hicho chuma ni kizito."

Basi palikuwa na mtu juu. Gacheri alipiga magoti akakagua ukingo wa kifuniko. Aliona mikwaruzo mipya, na ndani ya mkwaruzo mmoja chembe za rangi ya buluu. Mtaimbo wa vijana haukuwa na rangi yoyote. Alizikwangua chembe hizo, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Kisha akataka kujua ni nani anayelisimamia shimo hilo, na hapo ndipo siku yake ilipoharibika.

"Mabomba ni yetu, lakini shimo liko barabarani," alisema Mugendi, msimamizi wa majitaka katika kampuni ya maji, kwenye simu. "Uliza watu wa barabara."

Watu wa barabara walisema kazi yao ni lami, na kichochoro hicho hakina lami. Manispaa ikasema mwenye faili yuko semina. Gacheri akaambiwa aandike barua.

"Nina maiti," alisema.

"Hata hivyo, andika barua."

Alimpigia Mugendi tena. "Marehemu alikuwa mfanyakazi wako. Alikuwa akitafuta nini mle ndani?"

"Jana jioni hakuwa kazini. Hatukumtuma."

Mchana, katika chumba cha maiti cha hospitali, daktari alifunua shuka. "Alikosa hewa. Ni gesi ya majitaka. Hakupigwa, hakunyongwa. Lakini tazama viganja."

Vilikuwa vimechubuka vibaya, na kucha mbili zimeng'oka.

"Alikuwa hai kifuniko kilipofungwa," daktari alisema. "Aligonga."

Nje, Kinanu, mke wa Salesio, alikuwa ameketi kwenye benchi. Gacheri alimpa pole, akaketi kando yake.

"Jana alitoka saa ngapi, mama?"

"Jua likizama. Bosi wake alipiga simu tukiwa tunakula. Salesio akasema kuna mama amelalamika mpaka amechoka, afadhali aende hata kama ni peke yake."

Gacheri alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kampuni ya maji. Alimkuta Mugendi mezani, anakula samosa.

"Ulimpigia Salesio jana?"

"Mimi hupigia watu wengi."

"Mugendi!"

Mugendi aliweka samosa chini. "Nilimpigia. Yule mama wa hoteli, Sabdio, alikuwa ameketi hapo mlangoni kutwa nzima, amekataa kuondoka. Nikataka yaishe."

"Shimoni huenda watu wangapi?"

"Wawili. Mmoja hubaki juu."

"Jana nani alibaki juu?"

"Hakuna. Gari lilikuwa limepeleka wakubwa mkutanoni. Lilienda na kila kitu. Koni za kuonya watu, taa, vyote."

"Ukamtuma peke yake. Na alipokufa ukamkana."

Gacheri alikuwa amechoka kusikiliza wanaume wenye meza. Alimwagiza Jarso ampeleke Mugendi kituoni, akarudi kichochoroni.

Hoteli ya Sabdio haikuwa imefunguliwa kwa wateja. Mlango wake wa mbao ulikuwa umeshikizwa kwa kamba iliyolegea. Gacheri alibisha.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Ingia, binti."

Ndani, Sabdio aliketi peke yake kati ya viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Nyuma ya mlango liliegemezwa komeo la chuma lililopakwa rangi ya buluu. Lilikuwa limepinda, na ncha yake imebanduka rangi.

"Komeo limepindwa na nini, mama?"

Sabdio aliligeukia.

"Na kile kifuniko," alisema. "Ni mimi nilifunga."

"Niambie."

"Wale wa ofisi waliniambia nenda nyumbani, mtu anakuja. Hiyo 'anakuja' nimeisikia tangu Ramadhani. Maji machafu yanaingia mpaka jikoni, wateja wamekimbia. Nikarudi, nikaswali magharibi, nikatoka nje. Nikaona shimo liko wazi. Hakuna mtu, hakuna taa, hakuna alama. Stima nayo imepotea, kichochoro kizima giza. Mara ya mwisho walifungua hivyo hivyo wakaenda zao, mjukuu wangu Nimo akatumbukia, akavunjika mguu. Nikasema, leo hatumbukii mtoto wa mtu. Nikachukua komeo, nikasukuma kifuniko mpaka kikaingia."

"Aligonga, mama. Hukusikia?"

"Nilirudi nikawasha jenereta. Hiyo ikiunguruma husikii hata adhana." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Asubuhi walipomtoa ndiyo nikajua. Nikashindwa kusema."

Gacheri alikuwa na swali moja, na hakutaka kuliuliza.

"Kabla ya kufunga, uliita? Uliuliza kama kuna mtu?"

"Sikuita."

"Kwa nini?"

"Ningemwita nani, binti? Hawajawahi kuja."

Tangu asubuhi Gacheri alikuwa ametaka kumfokea mtu. Sasa alikuwa amempata muuaji aliyemtafuta, na hakuona wa kumfokea.

"Alikuwa nani?" Sabdio aliuliza.

"Salesio. Fundi. Alikuja kwa sababu ya malalamiko yako."

"Ana watu?"

"Ana mke. Yuko hospitali."

Sabdio alisimama, akajitanda mtandio wake vizuri.

"Nipeleke kwake kwanza," alisema. "Asiambiwe na ofisi. Nitamwambia mwenyewe."