Hesabu za Yasmina

— Chombo kimeshuka, Yasmina. Kimesimama wima kwenye ile sayari nyekundu. Lakini hakiwezi kurudi.

Yasmina alikuwa dukani kwa baba yake, mjini Muyinga, akikunja vitenge. Wiki tatu hakuwa ameisikia sauti hiyo ya mchumba wake kwenye simu.

— We si ulisema hesabu ni zako? Basi zipige tena.

Yasmina akakata simu.

Mwaka mzima yeye na Sefu, fundi redio wa Magarama kule Gitega, walikuwa wamepanga safari hiyo katika mchezo wa roketi wa kompyuta: kufika kwenye sayari, kushuka, na kumrudisha rubani nyumbani. Yasmina alipiga hesabu za mafuta daftarini, Sefu akarusha. Wakapendana hivyo hivyo kwa simu, mpaka posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Halafu Sefu akautuma mpango ule kwenye kundi la wachezaji, watu karibu mia mbili, akaandika: "Hesabu zangu." Yasmina alipomuuliza, alimjibu kwamba huo ni mchezo tu. Siku ile ile Yasmina alimwomba baba yake asimamishe mambo ya harusi.

Alasiri, baada ya simu ile, ujumbe wa Sefu ukaingia kwenye kundi.

"Mpango ule si wangu. Ni wa Yasmina wa Muyinga, mchumba wangu. Nilidanganya kwa kutaka sifa. Nimeubadilisha kwa kichwa changu, nimekwama."

Yasmina aliusoma mara tatu. Kisha akapiga simu yeye.

— Ulishusha chombo chote?

— Chote.

— Ndiyo maana. Kiko kizito, hakiwezi kupanda. Niliandika chombo kikubwa kibaki juu kikizunguka, na mafuta ya kurudia. Kishuke kile chombo kidogo peke yake.

— Niliona najua kukupita. Pardon, Yasmina. Si kwa ajili ya chombo. Kwa kukuibia mbele ya watu.

Yasmina alilifungua daftari lake la hesabu.

— Ukuje Jumamosi. Na kompyuta.

Jumamosi wakakaa kibarazani kwa kina Yasmina. Safari hii Yasmina ndiye aliyerusha, Sefu akimsomea namba. Chombo kidogo kilishuka, kikapanda, kikakikosa kikubwa mara ya kwanza, kikakishika mara ya pili mafuta yakiwa karibu kwisha. Ilipofika saa kumi, parashuti zilifunguka na rubani akatua nyumbani mzima.

Mzee Aboubakar, baba yake Yasmina, alikuwa ametazama muda wote bila kuelewa mengi. Akamuuliza Sefu kazi yake pale ilikuwa nini.

— Mi nilikuwa nasoma namba tu, baba. Kazi yote iko yake.

Mzee akamgeukia binti yake. Yasmina aliinamisha macho, lakini tabasamu lilimshinda.

— Baba, uwaambie watu wa Gitega walete siku ya harusi.

Harusi ilifungwa mwezi uliofuata. Sasa wanaishi Magarama, kompyuta mbili kwenye meza moja, wakibishana chombo kinachofuata kiende sayari gani.