Maua Juu ya Paa la Hilux

"Mchele umetoka jikoni," ilisema sauti kwenye simu. "Mpishi ni mwanafunzi wako."

Sengaloun alikata simu, akaiwasha pikipiki yake ya Honda.

Maana ya maneno hayo ilikuwa moja tu. Sanamu ya Buddha ya kijiji cha mama yake, ya shaba iliyopakwa dhahabu, ilikuwa imeibwa hekaluni. Mwizi ni Krall, mgeni ambaye Sengaloun mwenyewe alimwandaa kwa safari.

Machoni pa watu, kazi ya Sengaloun ilikuwa kuwafundisha wageni Kilao kabla hawajaingia vijijini. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuwachunguza kwa ajili ya idara ya usalama. Krall alikuwa mwanafunzi hodari kupita kiasi. Alijifunza kusalimia kwa kuunganisha viganja, kumega wali wa kunata kwa vidole, kutomgusa mtu kichwani. Katika historia alipenda sura moja tu: jinsi jeshi la Siam lilivyobeba sanamu za Vientiane na kuzivusha mto.

"Hazikurudi?" aliwahi kuuliza.

"Nyingine hazijarudi hadi leo."

Alisikitika vizuri sana, yule bwana.

Sanamu ikishavuka mpaka, yaani mto Mekong, imekwenda. Ofisini kila mtu alilijua hilo, na wengi walishaacha kujisumbua.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Dereva wa Krall alikuwa Thongdam, mdogo wake wa tumbo moja. Wawili hao walijuana mezani kwake, wakila chakula alichokipika yeye.

Redio ya Motorola ilikoroma begani. Alikuwa Phouvong, mkuu wake, akimwita kwa jina lake la kazi.

"Korongo, kile kifaa cha kufuatilia ulichobandika chini ya Hilux ya Krall kinaelekea kaskazini. Polepole. Kinasimama kila kijiji."

"Hilo ni basi, mkuu. Wamekihamishia kwenye basi."

"Basi tumeliwa. Nenda nyumbani ukalale."

"Njia ya kusini je?"

"Imepita Hilux moja nyeupe. Watu wa arusi. Polisi wamepekua mpaka chini ya viti. Hamna kitu."

Sengaloun alielekea kusini. Hakuwa na tumaini lolote. Alichoka tu kukaa.

Jua la mchana lilikuwa limesimama utosini alipofika kwenye gati la pantoni. Hilux ilikuwa kwenye foleni, ya kwanza. Nyuma, kwenye mabenchi, akina mama waliovaa hariri waliimba na kupiga makofi. Katikati yao alikaa Krall, kitambaa cha sherehe kimekatiza kifua, akiwachekesha kwa Kilao alichofundishwa na Sengaloun.

"Mwalimu wangu," alisema. "Umekuja kunifunga uzi wa baraka? Tunakwenda kwa bwana arusi, ng'ambo."

"Nimekuja kuona kama hujasahau masomo."

Akapita hadi mbele. Thongdam alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Umekula, Thongdam?"

"Nimekula, dada."

"Muongo. Midomo imekukauka."

Pantoni ilikuwa inatia nanga. Sengaloun akainua macho kwa kukata tamaa, ndipo alipoona.

Juu ya paa la gari, limefungwa kwa kamba, lilikuwa bakuli la fedha lenye pambo la arusi: majani ya mgomba yaliyosukwa kwenda juu na maua ya manjano, yale ambayo watu huketi kuyazunguka wakiita roho za maarusi. Jua lilikuwa limeyababua yote. Na akina mama walikaa bila kupakata kitu.

"Bibi," alimwuliza mzee wa mwisho wa benchi, "maua hayapakatwi siku hizi?"

"Muulize huyo dereva. Nimemwambia nipe nipakate, kakataa, kanifokea kama mtoto. Ona sasa, yameiva kama mboga. Tutaaibika."

Kwenye vizuizi vyote polisi walipekua viti na mizigo. Hapana polisi wa Kilao anayetia mkono kwenye maua hayo. Waliunganisha viganja na kufungua njia, na mgeni alijua kwamba watafanya hivyo.

Lakini hakuna anayeweka maua juani juu ya vichwa vya watu, isipokuwa ndani yake mna kitu kitakatifu, ambacho haifai kiwe chini ya kichwa cha mtu.

Mkono wa Krall ukateleza chini ya kitambaa.

Bastola ya Makarov ya Sengaloun ilishafika sikioni mwake.

"Polepole, mwanafunzi. Mbele ya wazee."

Akina mama wakanyamaza. Polisi wa gatini akapanda, akashusha bakuli. Sengaloun akachambua majani. Dhahabu ikang'aa, na bibi yule akainama akalia.

"Nina ubalozi wa kunitetea," Krall alisema huku akifungwa pingu. "Wiki ijayo nitakuwa kwetu."

"Najua."

Alijua kweli. Mgeni atapanda ndege. Thongdam atazeekea gerezani, na mama yao atakuwa na sanamu bila mwana.

"Korongo, vipi?" redio iliuliza.

"Mchele uko jikoni."

"Na dereva?"

"Naye pia."

Thongdam alishushwa garini, mikono nyuma.

"Umejuaje, dada?"

"Ungewaachia akina mama wayapakate, ungekuwa ng'ambo saa hizi."

Alimtazama kama aliyetukanwa.

"Buddha wetu? Mapajani mwa watu, kama kikapu cha samaki? Ningewezaje, dada?"

Sengaloun alivaa miwani ya jua, akageuka, akapanda ukingo wa mto taratibu, mkono mmoja mfukoni, ili mdogo wake asione kwamba analia.