Mwambieni Anakokwenda

Tulifika Katwe jua likishuka nyuma ya vibanda vya mabati. Mafundi walikuwa wakikusanya vyuma vyao na kufunga milango. Mjomba Cleopas aliingiza pikapu yake kinyumenyume katika yadi ya Hajati Safinah, nami nikashuka kumwongoza.

"Kushoto kidogo. Kidogo tena. Hapo!"

"Ndiyo, Injinia," akanicheka.

Jina langu ni Moreen Nabangala, lakini aliniita hivyo tangu nimalize chuo kikuu. Baba alipofariki, mjomba ndiye aliyenichukua kutoka kwetu Chwele, Kenya, akanileta Kampala na kunisomesha. Mama alibaki kule peke yake. Sikuwa na mtu mwingine mjini isipokuwa mjomba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mjomba alikuwa anajenga ghala karibu na bandari ya Port Bell, na asubuhi tulitakiwa kumwaga zege la msingi. Hajati alikuwa na mashine kuukuu ya kuchanganyia zege, iliyosimama yadini kwake tangu vita vilipoisha mwaka wa themanini na sita. Alitaka iondoke. Aliitaka iondoke kupita kiasi.

Mdomo wa pipa la mashine hiyo ulikuwa umezibwa kwa bamba la chuma, likachomelewa pande zote.

"Hajati, kwa nini mliliziba?"

"Watoto walikuwa wakiingia kucheza." Hakunitazama. "Mtalikata huko muendako."

"Tulikate hapa. Yadi nzima imejaa wachomeleaji."

"Hapa hapana. Nendeni kabla giza halijaingia, banange, jamani."

Nilishuku mali ya wizi. Nikaligonga pipa kwa spana. Lilijibu kwa sauti nzito, kama ukuta.

"Zege limegandia humo," mjomba akasema. "Tutalivunja kwa nyundo."

Pikapu yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Mashine ilikuwa na magurudumu mawili na mkono mrefu wa chuma wa kuvutia. Tuliunyanyua mkono ule sote wawili, tukihema, na uzito wake ukanifurahisha. Mzigo ukilala mbele kidogo ya magurudumu, mkono hukandamiza nyuma ya gari na mashine hufuata kwa utulivu. Uzito ukilala nyuma, mzigo huyumba huku na huku mpaka ulipindue gari. Niliingiza pini ya kuunganisha mkono na pikapu, nikaifunga kwa waya. Nikapitisha minyororo miwili chini ya mkono, nikaipishanisha, ili pini ikichomoka mkono usianguke barabarani. Nikakagua taa. Nikakagua upepo wa magurudumu. Nikarudia minyororo.

Mlinzi wa yadi, mzee wa Kinubi aitwaye Kamis, alinisogelea.

"Mama," akanong'ona, ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake. "Ii mzigo iko na mtu yake. Mukifika mahali ya kuvuka, ambia yeye anaenda wapi. Kama hajui, anakataa."

"Mtu gani, mzee?"

Alimtupia Hajati jicho. Akarudi langoni kwake.

Ndani ya gari nilimweleza mjomba. Hakucheka kama nilivyotegemea.

"Hata kwetu tunafanya hivyo. Ukisafirisha maiti, kila mto unaiambia: tunavuka, tunakupeleka nyumbani. Lakini hiyo ni mashine, Nabangala. Mimi nimeokoka. Siongei na mashine."

"Na redio unayoitukana kila asubuhi?"

"Ile inastahili."

Tulicheka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka.

Tulipopita Kitintale pikapu ilianza kuyumba. Kwanza kidogo, kama inayokwepa shimo. Kisha usukani ukamponyoka mjomba, akaurudisha, ukamponyoka tena. Alisimama kando ya barabara. Nilishuka mbio.

Pini ipo. Waya upo. Minyororo ipo.

Nikaushika mkono wa mashine kuutikisa... ukaja juu. Ulikuwa mwepesi. Pini tu ndiyo iliyouzuia usipande zaidi.

Uzito ulikuwa umehamia nyuma.

Niliangalia komeo linalolizuia pipa lisizunguke. Lilikuwa limekaza. Hakuna kilichosogea nje. Na zege lililoganda halitembei.

Ndipo nikanusa. Saruji mbichi. Harufu ile ya baridi ya zege lililotoka kukorogwa sasa hivi.

Niliweka sikio kwenye chuma.

Srrr... srrr...

Mwiko wa fundi, unaosawazisha plasta. Taratibu, kwa ustadi.

"Mjomba," nikanong'ona. "Kuna mtu humu."

Alisikiliza. Uso wake ulikuwa mkavu. "Ni vipande vya zege vinateleza. Panda gari."

"Vipande havitelezi wakati gari limesimama."

"Nabangala. Panda."

Sikumwamini. Yeye mwenyewe hakujiamini, maana gari lilimzimikia mara mbili kabla ya kuondoka. Lakini tulikuwa tumekaribia, na malori yalikuwa yakipita kwa kasi pale tuliposimama. Alikwenda kwa gia ya pili, polepole, hadi pale barabara inaposhuka na kukutana na reli.

Garimoshi lilikuwa linavuka. Mabehewa yaliyotoka kwenye meli yalipita mbele yetu moja moja, mazito, yakilia. Mjomba alikanyaga breki mteremkoni. Akavuta breki ya mkono pia.

Pikapu iliendelea kusogea.

Haikuwa ikiteleza. Ilikuwa inasukumwa.

"Njoo ukae hapa, ukanyage breki kwa nguvu zako zote," akasema. "Naweka jiwe."

Tulibadilishana. Kwenye kioo nilimwona akiinama na jiwe mbele ya gurudumu la mashine, kati ya pipa na pikapu. Nilitaka kupiga kelele kwamba mtu hasimami hapo, hapo hasimami mtu kabisa...

Waya ukakatika. Pini ikaruka.

Mashine ilishuka hadi minyororo ikajipinda, na pipa likambana mjomba kifuani kwenye mlango wa nyuma wa pikapu. Hakulia. Alifungua tu mdomo, na pumzi haikuingia.

Nikiachia breki nimpe nafasi, tutaingia chini ya mabehewa. Nikishikilia, atapondeka.

Niliikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikatoa kichwa dirishani.

"Tunavuka reli," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya aibu. "Wewe uliye humo. Tunavuka reli. Usikatae. Nakupeleka nyumbani."

Srrr... ikakoma.

Harufu ya saruji ikajaa ndani ya gari. Kisha sauti ikaja kwenye kiti kitupu kando yangu. Kavu. Ya upole.

"Nyumbani wapi?"

Sikugeuka. Nilimwona mjomba kwenye kioo, macho yakimtoka. Sikujua nyumbani kwa mtu yule. Nilijua kwetu tu.

"Chwele," nikasema. "Ukishavuka mpaka, fuata njia ya Bungoma. Ukifika sokoni Chwele pinda kulia, pita kanisa la matofali. Nyumba ya tatu, mabati mekundu, mlango wa kijani. Mama yangu yupo. Atakufungulia."

Behewa la mwisho likapita.

Nyuma yangu chuma kililia, na mashine ikarudi nyuma. Ikapanda mteremko, yenyewe, kiasi cha hatua moja. Mjomba akaanguka chini akikohoa.

Kifua chake kilivimba, lakini hakuna mfupa uliovunjika. Wapita njia walitusaidia kuivuta mashine hadi kwenye ghala. Asubuhi fundi alilikata lile bamba. Tulikusanyika na nyundo zetu kulivunja zege.

Pipa lilikuwa tupu. Safi, kavu, bila hata changarawe. Kijana mmoja aliunyanyua mkono wa mashine kwa mkono mmoja.

Giza lilipoingia nilirudi Katwe peke yangu. Hajati hakuwepo. Kamis alinivuta nyuma ya kibanda.

"Alikuwa fundi ya nyumba," akasema. "Watu ya bunduki walikuja, yeye akajificha ndani ya pipa. Sisi tukakimbia. Tukirudi, mdomo ilikuwa imefungwa, na hakuna mtu alithubutu kufungua."

"Nani aliufunga?"

"Katwe iko na wachomeleaji wengi, mama." Alitazama barabarani. "Wewe ulimwambia anaenda wapi?"

Simu ilikuwa inaita mfukoni mwangu. Ilikuwa ni mama.

"Moreen, mwanangu, kwa nini hukunijulisha?" Alikuwa ananong'ona, kama mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili. "Mgeni wako amefika."

"Mgeni gani, mama?"

"Huyu fundi. Nguo zake zimejaa vumbi la saruji. Nimempikia, hali. Nimemwashia taa, ameizima. Nimemuuliza alipataje njia gizani, kasema hakuuliza mtu. Kasema ulimwelekeza vizuri sana."

"Mama, toka nje. Nenda kanisani. Sasa hivi."

"Nitatokaje? Amekaa mlangoni."

Simu ikakatika.

Nilipiga tena, na tena. Mara ya mwisho ilipokelewa. Niliita mama, mama... Hakuna aliyejibu. Nilisikia tu mtu akipumua taratibu, kwa raha, kama anayepumzika baada ya safari ndefu.