Vijiko Vitatu vya Siri

Radamés Cotto aligonga filta ya kiyoyozi ukutani mara tatu, pa, pa, pa, kama mtu anayekung'uta mkeka. Vumbi la miaka miwili la mgahawa mzima likaruka juu, likafikiria kidogo pa kwenda, kisha likamshukia dada aliyevaa gauni la rangi ya haradali.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na soko la Río Piedras, jijini San Juan, limefurika. Wauza ndizi wanaitana, redio tatu zinashindana, alcapurria, maandazi ya ndizi mbichi yenye nyama ndani, zinachemka kwenye mafuta. Yule dada alikuwa ameshika moja ya moto, hata hajaing'ata.

"Samahani, dada! Wallahi sikukuona!"

Dada akageukia pembeni.

"Basi usininunie. Nakununulia nyingine. Nakununulia mbili. Sema neno basi."

Angekuwa na uwezo wa kusema, angemtukana. Alikuwa ameinama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na kifuani mwake mnalia kama paka aliyefungiwa kabatini. Akaonyesha mkoba wake kwa kidole. Radamés akadhani anaambiwa mkoba umechafuka, akaanza kuupangusa kwa bidii.

"Pampu, we bwege!" alipiga kelele mama wa mihogo. "Mpe pampu yake, ana pumu!"

Radamés akaumwaga mkoba mzima kwenye meza ya mihogo: uzi, mkasi, pini, lipstiki, na pampu ya bluu. Dada akavuta mara moja, mara mbili, mara nne. Watu wakasimama kuangalia, maana hakuna kinachokusanya watu kama mtu anayekaribia kufa akiwa amependeza.

"We... Wilfredo..." hatimaye alisema.

"Mimi siitwi Wilfredo."

"Imeandikwa... kwenye shati."

"Shati la fundi aliyestaafu. Mimi naitwa Radamés."

"Sawa, Wilfredo. Ukiniua... nijue nani... ashtakiwe."

Akacheka, akakohoa, akaona huyu kijana karibu analia. Ndivyo Ivelisse Barbosa, mshonaji wa magauni ya mabinti wanaotimiza miaka kumi na tano, alivyompa namba yake ya simu mtu aliyemmwagia uchafu.

*

Alipewa namba kwa sharti moja, aje kusafisha kiyoyozi chake bure. Alikuja. Wiki iliyofuata akaja tena, na iliyofuata pia. Hakukuwa na kiyoyozi safi kama kile kisiwani kote.

"Hiyo filta uliiosha juzi," Ivelisse alimwambia siku moja kwenye simu.

"Vumbi halina adabu, mpenzi. Linarudi."

"Vumbi au wewe?"

"Tunakuja pamoja."

"Basi wewe panda, lenyewe liache chini."

Lakini mapenzi hayo yalikuwa na mtu wa tatu, pumu, na huyo alilala katikati ya kitanda. Ivelisse alilala ameketi, mito minne mgongoni. Aliwahi kuzoa nguo za kushona za wiki nzima na kuzirudisha kwa wenyewe, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka kwa dawa. Vidonge vya steroidi vilimvimbisha uso mpaka wateja wakampongeza kwa ujauzito. Mwaka huo peke yake alikuwa amebebwa na ambulensi mara tatu. Na kila Juni lilikuja lile vumbi la Sahara, linalovuka bahari nzima bila pasipoti, likifanya anga la San Juan kuwa rangi ya chai ya maziwa. Ivelisse akafunga madirisha na kuishi kama nyanya ya kopo.

Kila mtu alikuwa na dawa. Jirani alimwambia afuge kijibwa cha Chihuahua, eti pumu itahamia kwa mbwa.

"Na mbwa naye akiugua?"

"Unanunua mwingine," alisema jirani.

Ivelisse alimwambia Radamés jambo moja tu kwa ukali, wakiwa wanakula wali na maharage kibarazani. Alipokuwa mdogo, wakubwa walimnywesha vitu kwa siri: mchuzi wa mjusi, mafuta ya papa, na vingine ambavyo mpaka leo hajui. Kwa sababu huko kwao dawa ya pumu ina masharti. Mgonjwa akijua anachokunywa, dawa inakufa.

"Mwili huu ni wangu," alisema. "Tayari kuna vitu vingi vinauingia bila kubisha hodi. Wewe usiwe kimojawapo."

"Naapa."

Aliapa kwa dhati kabisa. Shida ni kwamba alikuwa pia na bibi.

*

Bibi yake aliitwa Providencia, na mtaa mzima ulimwita Bibi Provi. Mwanamke mfupi, aproni ya maua kiunoni, sauti ya kuendesha bandari.

"Utaoa mwanamke anayelala amekaa kama abiria?" alimuuliza mjukuu wake.

"Bibi, ana daktari."

"Daktari amemponya?"

Wiki hiyo Radamés alikuwa amemuona Ivelisse akipumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Hatua tisa, alizihesabu.

Bibi Provi akatoa chupa. Asali, shubiri, kitunguu, na chavua ya nyuki iliyosagwa. "Kijiko kimoja siku ya kwanza, viwili ya pili, vitatu ya tatu. Kwenye kahawa. Na mdomo wako ufunge. Akijua tu, imeharibika."

Siku ya kwanza Ivelisse alionja kahawa, akainua nyusi. "Leo umenipenda sana. Sukari yote hii?"

"Kwani jana sikukupenda?"

"Jana ulinipenda kiasi."

Siku ya pili alisema koo linamuwasha kidogo. Vumbi la Sahara, wakakubaliana. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, akanywa nusu kikombe akiwa amevaa gauni jeupe la kulalia, akaanza kujikuna shingoni. Kisha kifua kikafunga. Hakikufunga taratibu kama siku nyingine. Kilijibamiza, kama mlango uliopigwa na upepo.

Pampu haikusaidia. Mashine ya mvuke haikusaidia. Radamés akambeba kushuka ngazi zote mbili, akamtia kwenye gari la kazi katikati ya mabomba, akapiga honi mpaka hospitali.

Daktari wa zamu, mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizofungwa kwa kalamu, Dk. Bonilla, aliinama juu yake. "Umekula nini leo?"

"Kahawa..." Ivelisse alisema nyuma ya barakoa. "Tu."

"Kitu kipya? Dawa? Chakula?"

Akatikisa kichwa.

Daktari akamgeukia Radamés. "Wewe ulikuwa naye. Kuna kitu alikula?"

Hapa ndipo kijana angeweza kuwa mwanaume.

"Sijui, daktari."

Dakika kumi. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake, alizitazama zote. Kucha za Ivelisse zikaanza kugeuka rangi. Mashine ikapiga kelele, manesi wakaongezeka, mmoja akafunga pazia. Radamés akalifungua pazia, akamshika daktari mkono wa koti.

"Chavua," alisema. "Chavua ya nyuki. Nilimwekea kwenye kahawa. Vijiko vitatu."

Dk. Bonilla hakumtukana, hakuwa na muda. Alimsukuma pembeni na kuitisha adrenalini. Sindano ikaingia pajani. Baada ya muda yule paka wa kifuani akaanza kulia tena, na mara hiyo kila mtu alifurahi kumsikia.

*

Jioni Ivelisse alikuwa na sauti ndogo, ila ilitosha.

"Daktari ameniambia."

"Mpenzi, nilitaka upone. Bibi alisema ukijua tu..."

"Najua masharti. Nimekulia humo."

"Nisamehe."

"Vijiko ningeweza kukusamehe. Ulikuwa mjinga, na wajinga nimewazoea." Akavuta pumzi, akasubiri iingie. "Ila uliulizwa. Mimi nimelala hapa. Ukasema hujui."

"Nilikuwa nalinda dawa isiharibike..."

"Toka, Radamés."

Siku hiyo hakumwita Wilfredo.

Radamés alipiga simu siku arobaini. Ivelisse aliiangalia ikiwaka, akaigeuza kifudifudi juu ya kitambaa cha satini. Kijana akatuma ujumbe wa sauti: wa kulia, wa kuomba, mmoja wa kuimba, ambao shangazi yake Ivelisse, Milagros, aliusikiliza mara tatu na kusema, "Mkosaji, ndiyo, ila sauti anayo."

Kwa Bibi Provi hali haikuwa bora.

"Kwa nini ulisema?" alifoka. "Ndiyo maana haikufanya kazi!"

"Bibi, alikuwa anakufa!"

"Alikuwa anapona! Ulikatiza!"

Radamés akaichukua ile chupa, akaimwaga kwenye sinki mbele yake. Hawakusemeshana mpaka Krismasi.

*

Dk. Bonilla ndiye aliyemtuma Ivelisse kwa bingwa wa mzio. Walimchoma vidoti mgongoni, wakamtoa damu, na majibu yakaja ya kutisha: wadudu wa vumbi, mende, chavua, ukungu, na mbwa. Yule Chihuahua angemzika.

"Kwenye damu yako kuna walinzi," bingwa alimweleza. "Wakiona vumbi wanadhani ni vita, wanapiga king'ora, na kifua kinafungwa. Wewe una walinzi wengi kupita kiasi. Kuna sindano inayowashika mikono kabla hawajapiga king'ora. Kila wiki mbili. Haiponyi. Kwa wengine inasaidia sana, kwa wengine haisaidii. Tutajua baada ya miezi minne hivi."

"Na ndani yake kuna nini?"

Bingwa akamsomea. Kila kitu, pamoja na madhara. Ivelisse akauliza maswali kumi na saba, kisha akasema ndiyo.

Bima ikasema hapana. Shangazi Milagros akahamia kwenye simu. "Sikiliza mwanangu," alimwambia kijana wa bima, "mimi nimestaafu. Nina muda wote duniani. Wewe unatoka saa ngapi?" Ilichukua wiki kumi na moja, barua mbili za daktari na radhi nyingi za yule kijana. Wiki hizo Ivelisse alizilala ameketi, na akabebwa na ambulensi mara moja zaidi.

Sindano ya kwanza: akakalishwa saa mbili aangaliwe kama itamdhuru. Haikumdhuru. Wala haikumfaa. Ya pili, vilevile. Ya nne, akalia kwenye gari la shangazi. Ya sita, mvua ikamkuta ameanika gauni la mteja kwenye paa, gauni la waridi la tabaka saba za neti. Akapanda ngazi mbio, akalikumbatia, akashuka nalo mbio. Akafika jikoni akisema matusi, akalitandika mezani, akaanza kulikausha kwa taulo.

Dakika tano baadaye ndipo mkono ulipoganda. Pampu ilikuwa chumbani. Hakuitafuta.

Akakaa kitini, akasikiliza kifua chake. Kimya. Kimya kile kikamtisha kuliko kelele zote za miaka ishirini na sita. Alitaka kumwambia mtu, na mtu aliyemjia kichwani alimkasirisha.

"Haloo?" Radamés alijibu kabla simu haijaita vizuri. "Ivelisse? Kuna nini? Uko hospitali?"

"Niko jikoni. Nimepanda ngazi mbio, nikashuka mbio, nimelowana, na sijakohoa."

Upande wa pili ukasikika mlio wa mtu mzima anayepenga kamasi.

"Sijakusamehe," alisema Ivelisse. "Jumanne saa nne nina sindano. Kama una la kusema, njoo kliniki ya mzio."

*

Alikuja na shati jipya lisilo na jina la mtu, amenyoa, viatu vimeng'aa kama vya mtoto wa komunyo ya kwanza. Ivelisse alikuwa kwenye kiti cha plastiki, gauni la kijani, mkono wa kushoto wa gauni umeshakunjwa tayari. Radamés akakaa, akiacha kiti kimoja katikati yao.

"Umependeza," alisema Radamés.

"Najua. Endelea."

"Nimeandaa hotuba."

"Iache."

Akakuna goti. "Siku ile nilikwambia nilinyamaza ili dawa isiharibike. Nilikudanganya. Dawa nilikuwa nimeshaisahau. Nilimuona polisi mlangoni, nikawaza wakijua watanifunga. Wewe unageuka bluu, mimi najiwazia mimi. Dakika kumi nzima. Hicho sijamwambia mtu."

Nesi akapita na trei. Mtoto fulani alikuwa anakohoa koridoni. Ivelisse aliangalia ukutani, uso hausomeki.

"Ungeweza kubaki na ule uongo," alisema hatimaye. "Ulikuwa mzuri kidogo."

"Ndiyo."

"Huu ukweli ni mbaya sana, Radamés."

"Najua."

"Nikiuwaza nitaumia upya."

"Najua. Niondoke?"

Nesi alikuwa amefika, Nesi Yadira, mwenye haraka zake, sindano mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. "Ivelisse, kabla sijachoma, ofisini wanataka tusahihishe fomu. Mtu wa kupigiwa ikitokea dharura. Hapa yupo Milagros. Yule shangazi anayetupigia kelele?"

"Huyo."

"Abaki?"

"Abaki. Ongeza na mwingine chini yake." Ivelisse alivuta pumzi, ikaingia yote, akaitoa taratibu. "Andika Radamés Cotto."

"Cotto kwa t mbili. Sawa," alisema nesi akiandika. "Na uhusiano? Mume, kaka, rafiki?"

Ivelisse akamgeukia kijana, akamtazama kwa muda mrefu, kama fundi anayepima kitambaa ambacho kilishamharibikia mara moja.

"Hapo," alisema, "acha wazi kwanza."

Akanyoosha mkono, sindano ikaingia.